Mzee Fungua Tuone na Lakiri ya Kontena

Ndugu, majirani na wote mliofanya kazi na marehemu: wasifu huu umeandikwa na mdogo wake wa mwisho, naye ndiye anayeusoma. Tarehe zote zilizomo zimehakikiwa na binti mkubwa wa marehemu, aliyezipitia mara ya kwanza mbele ya mwandishi, na mara ya pili mwandishi alipokwenda kunawa mikono. Hakuna aliyekasirika. Damu ni nzito kuliko maji, na katika familia hii hata damu hukaguliwa kwanza.

Marehemu, ambaye bandarini na mtaani alijulikana kama Mzee Fungua Tuone, alizaliwa Ijumaa tarehe 9 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watoto watano wa fundi wa reli na mkewe aliyekuwa akifua nguo za watu. Mama alipenda kusimulia kwamba mkunga alipomwinua, mtoto hakulia. Alimkodolea macho kama abiria anayedai chenji yake. Alipopigwa kofi la matakoni ndipo akalia, na hata hapo, alisema mama, alilia kwa kupinga utaratibu.

Alianza shule ya msingi Januari 1959 na kumaliza mwaka 1966, kisha akasoma sekondari ya kutwa hadi Novemba 1970. Hesabu alizipenda, walimu hakuwapenda sana. Siku moja alirudishiwa karatasi ya mtihani yenye alama tisini na moja. Akajumlisha upya, akakuta ni themanini na saba, akainuka na kuirudisha. Mwalimu mkuu akamsimamisha mbele ya shule nzima apigiwe makofi kwa uaminifu wake. Jioni, kitandani, alimnong'oneza mdogo wake, "Uaminifu gani? Mtu akikupa alama nne za bure, kuna siku atazidai." Mdogo mtu alikuwa hajaanza hata darasa la kwanza, lakini maneno hayo aliyashika kuliko alfabeti.

Machi 1971 aliajiriwa bandarini kama karani wa kuhesabu mizigo. Kazi yake ilikuwa kusimama chini ya winchi na ubao wa karatasi, kuandika kila kinachopanda na kila kinachoshuka. Huko alijifunza kwamba boksi lina maneno mawili: lile lililoandikwa nje, na lile lililomo ndani. Maneno hayo yakikutana, alisema, hiyo ni sikukuu. Alikaa bandarini miaka kumi na tatu, akaona magunia ya kahawa yenye mawe, majokofu mapya yenye kutu, na jeneza moja lililosafirishwa likiwa limejaa saa za mkononi.

Mkewe alimpata kwa ugomvi. Alikuwa mshonaji mwenye meza yake ukumbini mwa jengo la posta, naye marehemu alimpelekea suruali ipunguzwe kiuno. Dada yule alipompima, marehemu akatoa futikamba yake mfukoni, akajipima tena.

"Kaka," dada akamwambia, "kama futi unayo, si ushone mwenyewe?"

"Sijasema umekosea, dada. Natazama tu."

"Basi katazamie kwenu."

Wiki iliyofuata alirudi na suruali isiyo na tatizo lolote, akaomba ipunguzwe. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 4 Agosti 1979. Msimamizi wake wa harusi alikuwa rafiki yake wa tangu darasa la kwanza, mfanyabiashara wa rangi za nyumba. Walikuwa chanda na pete. Mke wa marehemu, ambaye yuko nasi hapa, aliulizwa wiki hii aseme neno moja kuhusu ndoa yao ya miaka arobaini na mitano. Akasema, "Alinipenda. Lakini alinipenda baada ya kukagua."

Mwaka 1984 marehemu aliacha kazi bandarini, akafungua ofisi yake ya kusafirisha mizigo kwa meli. Ofisi ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la rangi la yule rafiki yake: meza, mizani ya chini, viti viwili visivyofanana, na dirisha lililoonyesha uwanja wa kupakilia. Wateja wake walikuwa watu wenye mizigo midogo, waliohamia ng'ambo au wenye ndugu huko, wasioweza kujaza kontena zima. Aliwakusanya, wakachangia kontena moja, kila mmoja akilipia nafasi aliyoichukua.

Wengi waliingia ofisini wakidhani nauli ya meli ni umbali tu, kama basi. Marehemu hakuchoka kuwaeleza, ingawa mara nyingi wao ndio waliochoka kumsikiliza. Mama mmoja alileta godoro, akaambiwa bei yake, akawaka.

"Baba, godoro hilo nimelibeba kwa mkono mmoja! Jirani yangu kaleta mashine ya kusaga, chuma kitupu, na amelipa chini yangu!"

"Mama, meli haina bega, ina tumbo. Mashine ni nzito lakini imekaa kona. Godoro lako limejaza tumbo."

"Sasa nifanyeje?"

"Tulikalie."

Wakalikalia, mama, marehemu na wapakiaji wawili, wakalikunja na kulikaza kwa kamba hadi likawa nusu, na bei ikawa nusu. Mama alishuka ngazi akiimba. Marehemu yeye alibaki akilitazama lile godoro kwa mashaka, kwamba limekubali kwa urahisi mno.

Aliwaambia wateja wake mambo ambayo wenzake katika biashara waliyaficha. Msimu wa mwisho wa mwaka, kila mwenye duka akitaka bidhaa zake, meli hujaa na nauli hupanda; mwenye akili hupeleka mzigo wake kabla. Mafuta ya meli yakipanda, nyongeza yake huletwa kwa mteja. Bandari isiyotembelewa na meli kubwa hulazimu mzigo kubadilishwa meli njiani, na kila anayeugusa hutaka chake. Na kontena likifika na kukaa uwanjani bila kutolewa, hulipiwa kila siku linaposimama, hata kama halifanyi lolote. Hapo alipenda kuongeza kwamba anawajua na binadamu wa aina hiyo, na macho yake yalitua kwa mdogo wake, aliyekuwa anakaa kwake bure wakati huo.

Kwa marafiki, hata hivyo, mashaka yake yalikuwa na likizo. Ndivyo ilivyokuwa Oktoba 1988. Rafiki yake wa rangi alikuwa anafungua duka la pili ng'ambo, akaleta maboksi yaliyoandikwa brashi na ngazi. Marehemu alifungua mizigo ya wateja wote kumi na sita waliobaki. Ya rafiki yake hakuifungua. Aliyatia maboksi yake kontenani kwa mkono wake mwenyewe, akapiga lakiri.

Kwa wasiofahamu, lakiri ni kile kipini cha chuma chenye namba kinachofunga mlango wa kontena. Kikishapigwa hakitoki mpaka kikatwe. Anayepiga lakiri anaiambia dunia nzima, "Nimeona kilichomo."

Ndani ya maboksi yale mlikuwa na makopo ya tina, dawa ya kuyeyushia rangi. Hushika moto haraka, kwa hiyo wenye meli hutaka waambiwe mapema, waiweke mbali na joto, na nauli yake ni ya juu. Rafiki aliificha ili aikwepe nauli hiyo. Njiani, kwenye bandari ya kubadilisha meli, makopo yakavuja, harufu ikatoka, kontena likatolewa pembeni. Meli haikusubiri. Ukaja ukaguzi wa kulipia, siku za uwanja za kulipia, faini, na lilipopata meli nyingine ilikuwa msimu wa bei za juu. Watu kumi na sita wasio na kosa walipata mizigo yao baada ya miezi mitano. Mmoja wao alikuwa seremala aliyepata kazi ng'ambo; randa na misumeno yake ilikuwa mle, na kazi ikachukuliwa na mwingine. Mke wa marehemu aliuza cherehani yake ya kudarizi ili wateja wasilipe hasara ile.

Marehemu alishuka dukani kwa rafiki yake. Mdogo wake alikuwepo.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilijua mimi hutanifungua."

"Ni kweli," marehemu akasema. "Sikukufungua."

Hakupandisha sauti. Wiki ile ile alihamisha ofisi, mizani na viti vyake viwili, akaenda mtaa wa pili. Na kuanzia hapo hakuna aliyepona. Fungua, tuone. Mchungaji, fungua. Shehe, fungua. Mkwe, fungua tuone. Dada yake alimtumia mkewe zawadi ya siku ya kuzaliwa; ilipomfikia ilikuwa imefunguliwa, imepimwa, na juu yake imeandikwa mita za ujazo. Wateja walimnung'unikia, kisha wakamrudia, kwa sababu katika miaka yote iliyofuata hakuna kontena lake lililotolewa pembeni. Jina likamganda hadi watoto wa mtaani walipomwona wakafungua mabegi yao ya shule bila kuombwa.

Binti yake mkubwa alijiunga na ofisi Februari 2004, baada ya masomo ya biashara. Sasa tuseme ukweli, kwa maana yeye mwenyewe ameruhusu usemwe. Alikuja kwa ari, akakuta polisi. Alipima mizigo, baba akaipima tena. Alipopata nauli nzuri kwa mawakala wa meli, baba aliwapigia simu kuuliza kwa nini ni nzuri. Miaka ilivyokwenda akawa ndiye anayejua kila kitu: meli ipi huchelewa, lini ukodi nafasi kabla bei haijaruka, mteja gani akodi kontena zima la futi ishirini na gani asubiri kuchangia. Ofisi ilikuwa mikononi mwake. Lakini lakiri zote zilikaa mfukoni mwa shati la baba yake, na kila kontena alilolipakia binti, baba alilifungua, akashusha nusu, akatazama, akapakia, ndipo akapiga lakiri kwa mkono wake.

"Baba, mimi ni mwanao," alimwambia siku moja uwanjani, wapakiaji wakisikia.

"Najua. Na yule alikuwa msimamizi wangu wa harusi."

Neno lile lilimchoma. Mwaka 2016 kampuni kubwa ya meli ilimpa kazi, chumba chenye kiyoyozi na jina lake mlangoni. Aliikataa, akamwambia mama yake kwamba hataki mshahara wala kiyoyozi. Anataka mara moja tu, kabla baba hajafa, apige lakiri yeye, baba akiwa amemgeuzia mgongo. Mama akamwambia asubiri, baba yake si mtu wa kufunguka haraka. Alisubiri. Alisubiri huku akimchunguza baba kama baba anavyochunguza maboksi, akitafuta dalili yoyote kwamba anaaminiwa, na hakuona hata moja.

Aprili 2023 madaktari walimkuta marehemu na moyo uliopanuka. Ugonjwa haukumpunguzia kazi. Ulimwongezea vitu vya kukagua. Kila kidonge alikilinganisha na picha ya kwenye pakiti. Muuguzi alipomjia na bomba la sindano alisema, "Fungua tuone," na muuguzi, ambaye yuko nasi leo, alijifunza kumfungulia mbele yake. Alimshuku daktari kijana kwa sababu ni kijana, na daktari mzee kwa sababu alitabasamu. Ngazi za ofisi zilipomshinda alihamishia kiti chake chini uwanjani, akakagua akiwa amekaa.

Januari 2025 alilazwa tena, safari hii akiwa amevimba miguu na pumzi ikimkatika. Wiki hiyo hiyo binti alikuwa na kontena la kuchangia limejaa. Meli zilikuwa zikizunguka njia ndefu kwa sababu ile ya mkato ilikuwa na hatari, nafasi zilikuwa haba, na wakala alikwisha kuonya kwamba meli inayofuata nauli yake itapanda sana. Geti la bandari lingefungwa Alhamisi saa kumi alasiri, na kontena lisiloingia lingebaki. Wateja walikuwa watu wa kipato kidogo. Binti alikwenda wodini asubuhi, akamweleza baba yake hali yote, akamalizia, "Baba, naomba lakiri."

Alikuwa amejiandaa kwa mabishano. Marehemu aliingiza mkono chini ya mto, akaitoa, akamwekea kiganjani.

"Nenda kapige."

"Hutaki nikusomee kilichomo?"

"Sitaki."

"Hutaki kujua nani kapakia?"

"Mama, geti litafungwa. Nenda."

Alimwita mama, kama alivyomwita alipokuwa mdogo. Binti alitoka wodini na kitu alichokililia miaka ishirini na moja, na hakikumpa furaha yoyote. Njiani alianza kushuku. Baba hakuuliza swali hata moja. Basi ama dawa zimemchanganya, ama amekata tamaa, ama hajui amempa nini. Mtu huyu hajawahi kuamini hata mvua mpaka atoe mkono nje, leo imekuwaje?

Alifika uwanjani, kontena likiwa tayari juu ya lori, mlango umesukumwa, dereva amewasha injini. Akaishika lakiri. Akasimama nayo hadi dereva akapiga honi. Kisha akasema, "Shusheni."

"Dada, unatania," msimamizi wa wapakiaji akasema. "Si tumepakia mbele yako jana?"

"Shusheni. Fungueni, tuone."

Walimlaani kwa lugha ambayo haifai hapa. Alifungua kila boksi. Alipekua mifuko ya makoti. Dumu lililoandikwa mafuta ya kupikia alilifungua, akanusa, akatia kidole, akaonja. Yalikuwa mafuta ya kupikia. Hakukuwa na kitu; kila kilichoandikwa ndicho kilichokuwamo. Walipakia tena mbio mbio, akapiga lakiri kwa mkono wake, na kontena likapita getini likiwa miongoni mwa ya mwisho. Akarudi hospitali huku roho ikimsuta, kwamba siku ile moja baba alipomwamini, yeye hakumwamini baba.

Marehemu alikuwa ameshafariki, Alhamisi tarehe 23 Januari 2025, saa tisa alasiri, mkewe akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka sabini na mitatu.

Muuguzi alimchukua binti pembeni, akamweleza. Mchana ule, mama alipotoka kununua maji, muuguzi alimtania marehemu: "Mzee, leo umemwachia mwanao bila kukagua?" Marehemu akamjibu, "Saa hizi amewashusha watu mizigo, wanamtukana. Huyo hawezi kupiga lakiri bila kufungua. Nimemjua siku nyingi." Muuguzi akamuuliza, kama ni hivyo, mbona hakumpa tangu mwanzo? Marehemu akasema, "Ningempa, asubuhi ningeamka niende wapi?"

Binti hakulia. Alimtazama muuguzi kwa yale macho tunayoyajua. Akamuuliza, je, baba alisema hivyo kwa maneno hayo hayo? Alikuwa amekaa au amelala? Nani mwingine alisikia? Isije ikawa dada anampoza tu mfiwa, maana wauguzi wana huruma na huruma hudanganya. Muuguzi akasema mgonjwa wa kitanda cha pili alisikia. Binti akaenda kitanda cha pili, akaomba radhi, akamuuliza mzee yule bila kumwambia chochote: marehemu alisema nini mchana? Mzee akarudia, neno kwa neno, hadi lile la asubuhi na kwenda wapi. Hapo ndipo binti alipokaa chini, kwenye sakafu ya wodi, akamlilia baba yake.

Marehemu ameacha mke, mshonaji wetu, binti mkubwa, ambaye atafungua ofisi Jumatatu kama kawaida, wana wawili, mwalimu na fundi wa kuchomelea vyuma, wajukuu sita, na mdogo wake huyu anayewasomea. Wameshatangulia wazazi wake, dada zake wawili na kaka yake mkubwa. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, wapakiaji wa uwanjani waliokuja na nguo za kazi, na wateja wote waliovumilia kufunguliwa.

Mwenyezi Mungu ampokee kaka yetu, na ampe pumziko lenye amani.